Sanamaki Barazani Ubania

Zipo nchi ambazo msafiri huzitambua kwa bendera, na zipo ambazo huzitambua kwa mwendo wa watu wake. Ubania ni ya kundi la pili. Huko watu wazima hutembea polepole, miguu imekaribiana, mkono mmoja kiunoni, na nyuso zao zina utulivu wa mtu anayesikiliza jambo linalosemwa mbali. Mwinjuma Kidege, mchuuzi wa majani ya dawa, alipoingia mji mkuu wa nchi hiyo na begi lake la turubai begani, alidhani amefikia msiba. Aliwapa pole watu watatu kabla ya wa nne kumwuliza, pole ya nini.

Jinsi alivyofika huko haina uzito. Chenye uzito ni lango. Lango la Ubania lina kitasa upande wa nje peke yake. Mlinzi alimwandika jina, akamkaribisha kwa adabu, kisha akamweleza kwamba kutoka nako kuna utaratibu wake, ila utaratibu huo bado unatayarishwa.

"Ulianza kutayarishwa lini?" Mwinjuma aliuliza.

"Babu yangu alikuwa mlinzi hapa hapa," mlinzi alijibu. "Alikuta umeshaanza."

Mwinjuma hakubishana. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, aliyejua kusoma akiwa tayari ana wajukuu, na tangu hapo hakuona sababu ya kupoteza maneno. Imani yake katika kazi ilikuwa moja: kila jani lina kipimo chake, na asiyejua kipimo asiguse jani.

Sheria ya Ubania inataka kila mgeni akae kwa mtumishi wa serikali. Mwinjuma alipelekwa kwa Himidi, karani wa Baraza Kuu, na mkewe Mwanakheri. Alimkuta mwenyeji wake amelala chali juu ya kitanda cha kamba, tumbo limewambwa kama ngoma iliyotoka kuoteshwa moto, kalamu bado iko sikioni.

"Karibu, mgeni," Himidi alisema bila kuinua kichwa. "Samahani, siwezi kusimama. Niko siku ya kumi na nane."

"Ya nini?"

Himidi alimtazama kwa huruma ambayo mtu aliyesoma humtazama nayo asiyesoma, akamweleza.

Wabania wanaamini kwamba kinachoingia kwa mtu ni chake na ni cha taifa. Kukitoa ni hasara. Juu ya mlango wa Baraza wamechonga maneno haba na haba hujaza kibaba, na hawayachukulii kama mfano. Kwa hiyo daraja la mtu hupimwa kwa siku alizokaa bila kwenda haja kubwa. Askari ni siku tatu. Karani ni tano. Mwalimu mkuu ni saba, na mkuu wa wilaya kumi na mbili. Anayetimiza ishirini na moja, na akawa anajua kusoma, hufanywa hakimu. Asiye na daraja huitwa mtu wa kila siku, na hakuna Mbania mwenye heshima zake atakayemwoza binti yake kwa mtu wa kila siku.

Mji mzima una choo kimoja cha watu wazima. Kimejengwa mkabala na Baraza ili kila aingiaye aonekane. Ufunguo anao Msajili wa Haja, mtu mmoja mwembamba aitwaye Mbwana, ambaye hautoi mpaka uwe na kibali cha Baraza. Na Baraza, kwa wakati huo, lilikuwa linashughulikia maombi ya vibali ya mwaka ambao Himidi alioa.

"Na hao walioomba mwaka ule?" Mwinjuma aliuliza.

"Wengine walipanda vyeo," Himidi alisema. "Wengine tuliwazika kwa heshima."

Mwinjuma aliomba ruhusa amguse tumbo. Aliuliza kama anatapika. Hapana. Kama upepo unapita. Himidi alitazama dari, akasema unapita, kwa siri. Kama kuna damu. Hapana. Mwinjuma akanawa mikono, akamfuata Mwanakheri jikoni, ambako mama huyo alikuwa anapepeta mchele ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kuula.

"Shemeji," alimwambia, "leo jani linatosha. Keshokutwa atahitaji kisu, na sijaona mtu wa kisu katika mji huu."

Mwanakheri aliendelea kupepeta. "Mume wangu anataka kuwa hakimu," alisema. "Mimi nataka kuwa na mume. Tumekaa na jambo hili mezani siku kumi na nane, kila mmoja ana hoja."

Mwinjuma alifungua begi. Alikuwa na unga wa ubuyu, magome ya mwarobaini, tangawizi kavu, na pakiti moja ya sanamaki, yale majani membamba ya kijani kibichi ambayo kwao kila bibi anayajua. Alichota kwa vidole vitatu, akaonyesha. Kiasi hicho, kikombe kimoja cha maji ya moto, dakika kumi, mtu mmoja. Anywe jioni, asubuhi mambo yamekaa sawa. Kisha basi. Si dawa ya kunywa kila siku kama chai.

Lakini Himidi alikataa kikombe.

"Sheria za nchi hii zimeandikwa kwa mkono wangu," alisema. "Nikizivunja, nitausomaje mwandiko wangu mwenyewe? Leteni kibali nitakunywa."

"Na kibali kisipotoka?"

"Basi zimebaki siku tatu tu."

Mwanakheri alisimama mlangoni na ungo. "Baba Sharifa," alisema kwa upole, "hakimu wa maiti analipwa na nani?"

Himidi alifumba macho. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi Mwinjuma na Mwanakheri walikuwa kwenye benchi la waombaji. Wajumbe wa Baraza Kuu ni kumi na mmoja. Waliingia mmoja mmoja kwa mpangilio wa siku zao, wakaketi kwa uangalifu kama watu wanaotua mayai. Wa mwisho kuingia, ndiye wa kwanza kwa cheo, alikuwa Mwenyekiti Farahani, mzee mnene mwenye sauti ndogo, ambaye siku zake zilikuwa siri ya serikali. Mbele yao ilikuwepo meza, na juu ya meza lundo la mafaili lililowaficha wajumbe watatu wa katikati. Baraza la Ubania huinuka jua likizama, au mambo yote ya mezani yakiisha. Hili la pili halikuwahi kutokea.

Kwa vile mleta ombi alikuwa mgeni na ombi lake halikuwahi kuonekana, halikuwa na lundo la kuwekwa. Ikabidi lisikilizwe.

"Dawa hii imetoka wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kwenye mti, Mheshimiwa. Ni majani matupu, ya asili."

Neno hilo la asili ndilo lililozua mjadala. Mjumbe wa pili alisimama nusu, akabadili mawazo, akaketi. "Tumbo lina asili yake," alisema. "Likitaka kutoa, litatoa. Jani likililazimisha, hiyo si asili tena. Huo ni uchochezi."

"Lakini jani limetoka ardhini," alisema mjumbe wa tano.

"Ardhi ya nani?"

"Ya kwao."

"Basi ni asili ya watu wengine. Sisi tuna yetu."

Mjumbe wa tisa, aliyesifika kwa elimu, aliweka kanuni. Kitu cha mti kikifanya kazi, alisema, ni sumu. Kisipofanya kazi, ni chakula. Kwa hiyo dawa ya majani ni jambo lisilokuwepo. Wenzake walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwinjuma alisema kwa upole kwamba kwao hata sumu na dawa hutofautishwa na kipimo, na akataka kuonyesha vidole vitatu. Aliambiwa ashushe mkono, kwani ishara za vidole haziruhusiwi barazani.

Hapo Mwenyekiti alikumbusha utaratibu. Kielelezo chochote kiendacho mdomoni lazima kionjwe na Baraza zima kabla ya uamuzi.

"Hakuna ubaya," Mwinjuma alisema, "ila kila mjumbe kwa ncha ya kijiko tu. Na kinachobaki nimpelekee mgonjwa."

Wajumbe walitazamana. Mjumbe wa pili ndiye aliyemweleza, kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Mgeni, kipimo cha vidole ni cha mtu wa kila siku. Heshima ya mjumbe hupimwa kwa ujazo."

Pakiti nzima ikamiminwa kwenye birika la Baraza, ambalo ni la lita tano. Mwinjuma aliomba karatasi, akaandika onyo kwa hati nzuri: kiasi hiki ni cha watu zaidi ya sabini, nami sihusiki. Karatasi ilipokewa, ikagongwa muhuri wa Imepokelewa, ikawekwa juu ya lundo. Kila mjumbe alikunywa vikombe viwili. Mwenyekiti, kwa sababu ya cheo, vitatu. Kikombe kilichobaki kilifunikwa kisosi, kikatiwa lakiri, kikawa kielelezo.

Ilikuwa saa moja na nusu ya asubuhi.

Mpaka saa tano hakuna kilichokuwa kimetokea. Saa sita mjumbe wa tisa alisema ladha ilikuwa ya nyasi, na nyasi ni chakula cha ng'ombe, hivyo hoja yake imethibitika. Saa saba Mwenyekiti alimwita Mwinjuma mbele.

"Mgeni, hatukulaumu. Huenda kwenu linafanya kazi. Hapa hata jani linatambua limeingia kwa nani." Wajumbe walicheka taratibu, kwa kadiri walivyoweza bila kutikisika. "Ombi la kibali tunaliweka mezani."

Mwanakheri alimwinamia Mwinjuma. "Wameliweka juu au chini?"

"Chini."

"Mungu wangu," alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema mvua inanyesha.

Wakahamia swali la daraja la mto, ambalo lilikuwa limekaa mezani miaka thelathini na moja. Saa tisa kasoro dakika chache, mjumbe wa saba alikuwa anaeleza hatari ya kujenga haraka alipoacha sentensi katikati. Hakukosa neno. Alikuwa anasikiliza. Kisha sauti ikasikika ukumbini, kama kabati kubwa linalosukumwa chumba cha jirani. Katibu, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao, aliiandika kuwa ni kikohozi. Ikafuata nyingine upande wa pili wa meza, halafu ya tatu, na Katibu akaacha kuandika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema mjumbe wa saba, jasho likimtoka, "naomba tuinuke."

"Jua halijazama."

"Basi naomba tumalize mambo ya mezani."

"Yapi?"

"Yote."

Mwenyekiti Farahani alikuwa ameshika mikono ya kiti chake kwa nguvu sana. "Kuna mwenye pingamizi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. Hakukuwa na mwenye pingamizi. "Karani alete muhuri."

Karani alikuwa nyumbani, amelala chali. Mwanakheri akasimama. "Mimi ni mke wake, Mheshimiwa. Muhuri naujua, huwa naufuta vumbi."

"Njoo, mama. Kimbia."

Neno hilo la mwisho halikuwa limetamkwa katika jengo lile tangu lijengwe. Mwanakheri alivuta lundo la kwanza. Daraja likakubaliwa. Mjane wa Kichangani akarudishiwa nyumba yake. Mwalimu aliyeomba uhamisho akahamishwa, ingawa alikwisha kufariki, na mwanawe ambaye naye ni mwalimu akapewa nafasi hiyo. Paa la shule likapita. Barua ya nchi jirani iliyouliza kama Wabania wanataka amani ikajibiwa ndiyo. Wajumbe walitia saini bila kusoma, na mjumbe wa tisa, mwenye elimu, alitia saini ya mwenzake kwa makosa na hakuna aliyejali. Kila karatasi iliyokauka wino Mwanakheri aliipitisha dirishani, ambako watu wa kila siku walikuwa wamekusanyika kuona kuna nini, nao waliipokea kwa mikono miwili.

Ombi la mumewe hakuliweka juu. Aliliingiza la nne katika lundo la pili, ili lisionekane lina haraka. Likagongwa muhuri kati ya kisima cha soko na leseni ya kinyozi. Mambo ya miaka arubaini yalimalizika kwa dakika kumi na saba.

Kilichofuata nje kilitazamwa na mji mzima, na kwa heshima ya wajumbe inatosha kusema hivi. Itifaki ya Ubania inataka mkubwa atangulie. Choo ni kimoja. Msajili Mbwana alisimama mlangoni na ufunguo wake, akamwuliza Mwenyekiti kama amekuja na fomu. Mwenyekiti alimtazama. Mbwana alieleza baadaye kwamba katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kutazamwa vile, na kwamba alitoa ufunguo bila kuandika chochote. Mjumbe wa kumi na moja, aliye mdogo kwa cheo, hakusubiri zamu yake. Alionekana akielekea kwenye shamba la mihogo nyuma ya Baraza, akitembea upesi kuliko kijana.

Mwanakheri hakukaa kutazama. Alichukua kibali mkono wa kulia na kielelezo mkono wa kushoto, akarudi nyumbani, Mwinjuma nyuma yake.

Himidi alikisoma kibali mara mbili. Alikigeuza, akatazama nyuma. "Hakina tarehe," alisema.

"Una kalamu sikioni," mkewe alimjibu.

Aliandika tarehe. Kisha akakishika kibali kifuani, na Mwinjuma akaona kwamba mtu huyu, ambaye kwa siku kumi na tisa alikuwa anaogopa sheria, sasa sheria imempa ruhusa na bado anaogopa.

"Zimebaki siku mbili, Mama Sharifa."

Mwanakheri aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chako nimeshakipanga. Nimejua nani atapika, nani ataazima masufuria, na dada yako atakaa wapi maana hapatani na mama. Kila kitu kiko tayari. Sasa kunywa, au nikawaambie wapishi waanze."

Himidi alinyoosha mkono. Mwinjuma alikata lakiri, akamwaga theluthi mbili ya kikombe uani kwa sababu dawa ilikuwa nzito kupita kiasi, akajaza maji ya moto, akampa. Himidi alikunywa akimtazama mkewe.

Alfajiri ya Alhamisi aliamka, akaenda chooni mwenyewe. Ufunguo ulikuwa bado kwenye kitasa. Alikaa muda mrefu, Mwanakheri akiwa amesimama barabarani na kandili mpaka jua likachomoza na kukawa hakuna haja ya kandili. Himidi alirudi akiwa mwepesi, akaomba uji. Njiani alisahau kuweka mkono kiunoni.

Asubuhi hiyo hiyo Baraza lilikutana. Wajumbe walikuwa na nyuso za watu waliolala vizuri na wakaona aibu kuwa wamelala vizuri. Ajenda ilikuwa moja, na iliamuliwa kwamba muda wote kuanzia saa tisa ya Jumatano mpaka jua la Alhamisi haukuwepo. Yaliyotendwa ndani yake hayakutendwa. Siku za kila mtu zinaendelea pale zilipokuwa. Maamuzi yote yaliyotolewa yamefutwa, na kila aliyepokea karatasi airudishe.

Hapo ndipo Baraza lilipokutana na sheria yake. Mbania harudishi alichopokea. Wapiga mbiu walizunguka mji siku mbili na hawakurudi na hata karatasi moja. Mjane alikuwa ameshafunga mlango kwa ndani. Mafundi wa daraja walikuwa wameingia mtoni. Wapiga mbiu walipokwenda kwa Mwanakheri, aliwaonyesha sanduku la bati alilokalia, akawauliza kama wao hawakufundwa kwao.

Ijumaa Himidi alitimiza siku ishirini na moja kwa hesabu ya serikali, na Jumamosi akaapishwa kuwa hakimu. Alikuwa hakimu wa kwanza katika historia ya nchi hiyo kuweza kupanda ngazi za mahakama bila kushikwa. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya Mwinjuma Kidege, kwa kosa la kuingiza nchini kitu chenye kutoa.

Adhabu ya kosa hilo ni kuzuiliwa. Adhabu za makosa yote ya Ubania ni kuzuiliwa. Mwinjuma alisimama kizimbani, akamtazama mtu aliyeponywa na dawa yake, na Himidi hakumtazama. Alisoma hukumu kutoka karatasini, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa ana kitu chenye kutoa, na kwamba jambo hilo huenea. Akizuiliwa humu ndani, litaenea humu ndani." Aligeuza ukurasa. "Kwa usalama wa nchi, atolewe."

Katibu wa mahakama aliuliza taratibu hukumu hiyo iandikwe kwenye daftari gani, maana daftari lake halikuwepo. Mwenyekiti Farahani, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na ambaye kwa siku tatu alikuwa anakula kwa hamu, alisema hana pingamizi.

Utekelezaji ulichukua asubuhi nzima, kwa kuwa kitasa kiko nje. Mwishowe mlinzi wa lango alifungwa kamba kiunoni, akapandishwa ukuta na kuteremshwa upande wa pili. Alifungua, kisha akabaki amesimama kule nje akitazama barabara, wa kwanza katika ukoo wake.

"Kumbe huku kuna upepo," alisema.

Mwanakheri alikuwa amekuja kuaga na mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Mwinjuma aliupokea, akapekua pembe za begi lake, akapata mbegu saba za sanamaki zilizokwama kwenye mshono. Alizifunga kwenye pindo la kanga ya Mwanakheri.

"Vidole vitatu, shemeji. Usisahau."

"Sisahau. Nitazipanda uani. Wakiuliza nitasema ni mti wa kivuli."

"Hauna kivuli huo. Ni kichaka tu, kinafika kiunoni."

"Ndiyo maana," Mwanakheri alisema. "Wataunda kamati ya kuchunguza kivuli. Mpaka wamalize, kitakuwa kimezaa."